Miezi mitatu ya kubeba faili: hivi ndivyo tunawafunza watoto kazi ya umma?

Mwaka jana mwezi wa saba niliingia ofisi moja ya serikali upande wa Vihiga kumwangalia mwanafunzi wangu aliyekuwa huko atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya wanafunzi wa chuo. Mimi hufundisha utawala wa umma kwa chuo kimoja hapa Kisumu, na kila mwaka ikifika Mei hadi Agosti kazi yangu inageuka inakuwa ya barabara, Kisumu hadi Luanda, Luanda hadi Majengo, kesho Kakamega, kesho kutwa Bondo, na mara moja moja nafika hadi Nakuru, naenda nikikagua watoto mahali wamepelekwa. Msichana akanisalimia vizuri, akanipa logbuku yake, lile daftari anaandikia kazi ya kila siku. Nikafungua. Wiki ya kwanza Jumatatu, "Nilipanga faili." Jumanne, "Nilipanga faili." Jumatano, "Nilipeleka barua na nikapanga faili." Nikageuza karatasi, wiki ya tatu, ya tano, ya nane, ni faili, barua, faili, siku moja ameandika "Mkubwa hakuwa, nilikaa ofisini." Chini ya kila wiki kuna sahihi ya msimamizi wake, muhuri, na neno moja tu, "Vizuri."

Nikamwuliza, "Hizi faili umepanga wiki nane, ni za nini?"

Akaniangalia kidogo. "Ni za ofisi, mwalimu."

"Za kina nani? Wanataka nini?"

"Hapo sasa sijui, mwalimu. Mimi hupewa tu nambari, naitafuta naipeleka."

Na huyu si mtoto mzembe. Darasani ni mmoja wa wale wanasoma kweli, ukimpa swali la urasimu atakuandikia kurasa sita na hizo nadharia za Ujerumani za zaidi ya miaka mia moja atazipanga vizuri kukuliko. Lakini amekaa ndani ya ofisi ya umma miezi miwili, nje ya dirisha lake kuna watu wamesimama kwa foleni tangu saa mbili asubuhi, na hajui hata mmoja wao amekuja kutafuta nini. Hilo jibu lake mpaka leo halijanitoka kichwani, kwa sababu kosa ni letu sisi tuliomtuma.

Hapa kwetu tunafikiria mtu anaandaliwa kazi ya umma darasani, alafu atachimenti ni ya kumalizia tu, ya kutafutia maksi. Mimi naona ni kinyume kabisa. Darasani unafunzwa maneno. Kazi yenyewe inafunzwa pale kaunta, na mwalimu wake ni yule karani mmekaa naye meza moja, venye anajibu simu, venye anaongea na mama amekuja na mtoto mgongoni, venye anasema "sistimu imelala" na sistimu haijalala. Kijana wa miaka 21 akiona hayo wiki kumi na mbili hakuna lekcha utampa baadaye itafuta. Kwa hivyo ukitaka kujua tunaandaa watumishi wa umma wa aina gani kwa hii miaka ijayo, usiangalie silabasi, nenda uangalie hizo ofisi tunawapeleka na uulize wanakaa na nani.

Naongea nikijua. Mwaka wa 2010 nilikuwa mwaka wa tatu, nikapelekwa atachimenti kwa ofisi moja Nakuru. Ni ule mwaka wa Katiba, tulipiga kura tarehe 4 Agosti na mji wote ulikuwa unaongea Katiba, kwa matatu, kwa kinyozi, sokoni, watu walikuwa wanasoma kile kitabu wanapigia mistari. Ndani ya ile ofisi mambo yalikuwa yale yale. Kulikuwa na mzee alikuwa anatoka upande wa Subukia kuja kutafuta karatasi yake moja tu, alikuja mara ya kwanza akaambiwa faili haionekani, akarudi, haionekani, akarudi tena. Mara ya nne alikuja amevaa koti la Jumapili na kofia ameshika mkononi. Mimi nikainuka niende kwa rafu nimsaidie kutafuta, na karani niliyekuwa naye akanivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Usijisumbue, kijana. Iko kwa droo yangu." Akafungua kidogo nikaiona, faili ya kaki imefungwa na uzi mweupe. Alafu akatoka nje na yule mzee, wakakaa huko kama dakika tano, wakarudi, na faili ikaonekana. Mzee akashukuru sana. Akashukuru kila mtu, hata mimi. Jioni karani akanipa shilingi mia moja akasema ni ya chai.

Nilichukua. Mwenye alikuwa anaweka sahihi kwa logbuku yangu ndiye alikuwa ananipa hio pesa, na kwa miaka mitatu chuoni hakuna mtu alikuwa ameniambia siku kama hio itakuja na ikija mdomo wangu useme nini. Nilikuwa najua "uwajibikaji" kwa herufi kubwa. Sikujua kusema hapana kwa mtu aliye juu yangu bila kumvunjia heshima na bila kupoteza nafasi yangu. Hicho ni kitu kinaweza kufunzwa, na hatukifunzi.

Wiki tatu baada ya ile kura, tarehe 27 Agosti, Katiba ikazinduliwa, na ndani yake kuna Ibara ya 232 ambayo mimi huwaambia wanafunzi waishike kwa kichwa. Inasema huduma kwa umma itolewe haraka, kwa ufanisi, bila upendeleo na kwa usawa, inasema watu washirikishwe, wapewe habari kwa wakati na iwe ya kweli, na ajira iwe kwa ushindani wa haki na uwezo. Ni ibara nzuri. Lakini nikiisoma mimi hukumbuka droo, kwa sababu mzee wa Subukia hakukosa ibara, alikosa mtu wa kutoa faili kwa droo.

Sasa sitaki mtu afikirie ninasema ofisi zote ni mbaya. Kuna ofisi moja hapa Kisumu natumanga wanafunzi kila mwaka na huwa naomba nafasi mapema kwa sababu ya mzee mmoja tu, karani wa masijala ambaye amebakisha muda mfupi afike ile 60 ya kustaafu. Huyu mzee ukimletea mwanafunzi hampi rundo la faili apange. Anampa faili moja. Anamwonyesha kila barua ikiingia inaandikwa kwa rejista, inapigwa muhuri wa tarehe, alafu inawekwa ndani ya faili na kupewa nambari ya folio kwa kalamu nyekundu, juu kwenye kona ya kulia, moja, mbili, tatu, ili karatasi ikitolewa mtu ajue imetolewa. Anamwonyesha karatasi ya minuti, mahali ofisa anaandikia mwenzake, "Folio 7 hapo juu, tafadhali shauri." Anamfunza BU, yaani "bring up", ile tarehe unaandika ili faili ijilete yenyewe mezani siku hio, mtu asingoje mpaka mwananchi arudi kulia. Kuna kijana aliniambia mzee alimrudisha afanye upya folio za faili nzima kwa sababu aliruka nambari 23. Akamwambia, "Hio 23 ni mtu, mwanangu."

Mwaka mmoja nilikuwa na msichana kwa hio ofisi. Akaja dana mmoja, nyanya mzee, kutoka Seme, kwa sababu ya basari ya mjukuu wake. Jina la kijana lilitoka kwa orodha, mwalimu wa shule anasema hakuna cheki imefika, kijana ametumwa nyumbani. Mahali pengine hapo angeambiwa angoje. Mzee akamwambia yule msichana, "Toa faili, mfuate." Na yeye akamfuata, folio kwa folio. Ombi liko. Kumbukumbu za kamati ziko, jina liko. Barua ya kupeleka cheki iko, na hapo ndipo akaona, shule iliyoandikwa inafanana jina na ile ya kijana lakini iko kaunti ndogo nyingine kabisa, mtu alichukua ya kwanza aliyoona kwa orodha. Msichana akaandika memo, ya kwanza ikarudishwa, ya pili ikarudishwa, ya tatu mzee akaipitisha, akaipeleka kwa mhasibu, mhasibu akamwambia cheki lazima irudi ndio nyingine itoke, akapiga simu kwa ile shule, akapiga tena, ilichukua zaidi ya wiki mbili. Alafu akampigia dana na kumweleza kwa Dholuo, na mzee alikuwa amesimama hapo kando akamwambia kabla hujamwambia cheki imetoka, kwanza omba msamaha kwa niaba ya ofisi, kosa ni letu. Dana akamwita nyathina, mtoto wangu, mpaka simu ikakatika.

Nilipofika, logbuku yake ya ile wiki ilikuwa na maandishi karibu ukurasa mzima. Nakumbuka mstari mmoja, "Nimejifunza kosa la dakika moja la kuandika jina linaweza kukalisha mtoto nyumbani nusu ya muhula." Hakuna kozi yangu imewahi kumfunza hivyo. Hapo ndani kuna sheria ya fedha, kuna utunzaji wa rekodi, kuna mawasiliano, kuna maadili, vyote kwa faili moja, na msichana hakuwa anasoma chochote, alikuwa anasaidia mtu.

Kwa hivyo wasichana wawili, chuo kimoja, kozi moja, lekchara mmoja. Mmoja ametoka anajua nambari za rafu, mwingine ametoka ni mtumishi wa umma tayari hata kabla hajaajiriwa. Tofauti ni nani alikaa nao. Na sisi wa vyuo hilo tunaliacha kwa bahati. Barua ya chuo inaandikwa "kwa yeyote anayehusika," mwanafunzi anazunguka nayo ofisi baada ya ofisi akitafuta nafasi mwenyewe, analipa bima, akipata mahali anafurahi tu kupata, na mimi nakuja mara moja au mbili, nakaa nusu saa, najaza fomu. Ofisi nayo inaona imeletewa mikono ya bure. Hakuna mtu ameketi na mwingine kuulizana, huyu mtoto akimaliza hapa awe anajua kufanya nini?

Na zamani hili jambo lilikuwa na mahali pake hapa hapa kwetu. Wazee wanakumbuka Maseno ilikuwa na taasisi ya mafunzo ya serikali, GTI, watumishi wa serikali wanakuja wanakaa wanafunzwa kazi yenyewe. Mwaka wa 1990 ikaunganishwa na chuo cha walimu cha Siriba ikawa koleji chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka wa 2001 ikawa Chuo Kikuu cha Maseno, na kwa kweli tulihitaji chuo kikuu na mimi siwezi kulilia hilo. Lakini tulipopata digrii yale mafunzo ya mkono yalihama. Leo Kenya School of Government, ile KSG iliyoundwa kwa sheria ya 2012 kutoka kwa iliyokuwa KIA, taasisi ya utawala ya Kabete, inafanya hio kazi, ina kampasi Kabete, Embu, Matuga, Mombasa na Baringo, lakini mara nyingi inachukua mtu akiwa ameshaajiriwa, anaenda kwa kozi ili apande cheo. Mtu anafunzwa kuandika memo akiwa na miaka 35 na amekuwa akiziandika vibaya miaka kumi.

Mtu kama Tom Mboya, ambaye chuo kikuu cha Homa Bay kina jina lake, watoto wanamjua kama waziri na mwanasiasa mkubwa. Wachache wanajua alianza kama inspekta wa afya wa manispaa ya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kazi ya kukagua usafi, kuingia mahali watu wanaishi na wanauza, kuona kwa macho yako. Alisomea hio kazi kabla ya kupewa. Mimi huwa najiuliza ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaotaka kuwa wakurugenzi na magavana wamewahi kuingia soko la Kibuye kama mtu wa umma, si kama mnunuzi, wakauliza maji ya hapa yanatoka wapi na takataka inabebwa siku gani na nani.

Kuna ile kalenda ya pesa ya kaunti pia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kitu kiko wazi na bado tunakipita. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga mwaka wote. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kwa kaunti tarehe 1 Septemba, mwisho wa Septemba unakuja ule uhakiki wa bajeti iliyopita, 28 Februari ni ile taarifa ya mkakati wa fedha, 30 Aprili makadirio yanawasilishwa, 30 Juni lazima yawe yamepitishwa. Juu ya yote kuna CIDP, mpango mkubwa wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Mtu yeyote anafanya kazi kaunti maisha yake yanaenda na hizo tarehe, ukikosa kuingiza kitu chako Septemba usishangae Juni hakiko. Na unapata mtu amemaliza miaka minne ya utawala wa umma na hajawahi kushika hata moja ya hizo karatasi mkononi.

Ati watasema ni ngumu kwa wanafunzi. Si kweli. Juni 2024 tuliona vijana wa umri huo huo wakisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakiueleza kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiluhya, kwa Kikuyu, kwa video za dakika mbili ambazo nyanya kijijini alielewa. Hapa Kisumu na Nakuru walijaa barabarani, na wengine nchini hawakurudi nyumbani, na hilo silisemi kwa wepesi. Tarehe 26 Juni rais akasema hatautia sahihi. Sasa kijana anayeweza kusoma mswada wa kurasa nyingi usiku kwa simu iliyovunjika kioo, si yeye unaambia bajeti ya wadi yake ni ngumu. Uwezo uko, tena uko wa kutosha. Kile hakiko ni mlango wa kuingilia ndani na huo uwezo.

Mimi nilijaribu. Niliacha CAT moja, ule mtihani wa katikati ya muhula, ya kuandika insha, nikawapa makundi, kila kundi lichague mradi mmoja ulioandikwa kwa nyaraka za kaunti na waende wadi wauone. Kundi moja walienda wakapata darasa la chekechea ambalo kwa karatasi limekamilika na kwa macho halina mlango wala madirisha, na watoto wanasomea chini ya mti karibu nalo. Walirudi na hasira, nikawaambia hasira ni sawa lakini sasa niandikieni barua, mnaiandikia nani, mnataja kifungu gani, mnaomba nini na kwa siku ngapi. Hapo ndipo darasa lilinyamaza. Kulalamika walikuwa wanajua, barua ya ofisi inayopata jibu hawakuwa wanajua. Tulikaa wiki mbili kwa hio barua moja na ndio wiki mbili nzuri zaidi nimewahi kufundisha.

Alafu kuna ile mambo ya koneksheni, na lazima niiguse kwa sababu ndio inaua moyo wa wanafunzi kuliko yote. Ukiwaambia wajiandae wanakujibu, "Mwalimu, kazi ya serikali ni kujuana." Siwezi kuwadanganya ati hakuna kujuana. Wameona. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya vyeti, watu 2,067 walipatikana na vyeti feki kwenye taasisi zilizokaguliwa, na kila mmoja hapo alikalia kiti ambacho kingekuwa cha mtoto fulani aliyelala njaa akisoma. Pia hesabu yenyewe ni ngumu, kanuni zinasema mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato, na kuna kaunti zimepita hapo tayari, kwa hivyo hata bila kujuana nafasi si nyingi. Mzazi anayeambia mtoto "tafuta kazi ya serikali utulie" anaongea kuhusu serikali ya zamani.

Lakini kuna vitu wanafunzi hawaambiwi na ni haki yao kujua. Kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka jamii iliyo kubwa kwa hio kaunti. Mtoto wa Mbale anaweza kuomba kazi Kisumu, wa Ahero aombe Nakuru, na asiambiwe "enda kwenu." Kwamba bodi ya utumishi wa umma ya kaunti inatakiwa kutangaza nafasi hadharani. Kwamba ile programu ya interni ya PSC, hio Tume ya Utumishi wa Umma, ipo, ni miezi 12, ni ya waliomaliza digrii, na kuna wengi hapa kwetu wanaisikia tarehe ya mwisho imepita. Nikiwaambia hivi vitu naona mtu anaandika haraka haraka, ni kama nimempa ramani ya mahali alikuwa anafikiria ni msitu.

Na pesa. Wacha niseme hii kwa uchungu kidogo. Atachimenti nyingi za ofisi za umma hazilipi kitu. Mtoto wa Migori akipata nafasi hapa mjini, anapanga chumba Nyalenda au Manyatta, analipa nauli kila siku, anakula, na huo ni wakati mkopo wa HELB wa wanafunzi mara nyingi umeisha. Nimekuwa na kijana alikuwa anafika ofisini siku tatu kwa wiki, msimamizi akaniandikia hana bidii, kumbe zile siku mbili alikuwa anabeba mchanga kwa mjengo ili apate nauli ya hizo tatu. Wenye wanamaliza vizuri ni wale wana shangazi mjini. Sasa kama tunasema utumishi wa umma uwe na sura ya wananchi wote, na mlango wake wa kwanza unaingilika tu ukiwa na mahali pa kulala bure, tunajua wenye watabaki ndani ni kina nani. Kaunti ikitenga hata nauli tu ya wanafunzi, kwa bajeti ya mabilioni, hio ni pesa ndogo sana na itafungua mlango kwa watoto wengi.

Wakubwa wa ofisi nikiwaambia wampe mwanafunzi kazi ya kweli wananijibu mambo mawili. La kwanza, siri za ofisi. Sawa, zipo, na mwanafunzi anaweza kuweka sahihi ya kutunza siri kama mfanyakazi mwingine yeyote. Lakini Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, kwa hivyo sehemu kubwa ya hizo karatasi tunazifichia mwanafunzi si siri, ni mazoea tu ya kufunga. La pili wanasema hawana muda. Hili naliheshimu zaidi, juu nimeona ofisi ya watu wawili inahudumia kaunti ndogo nzima. Ila yule mzee wa masijala pia hana muda. Alichofanya ni kumwacha mwanafunzi amfuate mwananchi mmoja kutoka mlangoni mpaka mwisho, na kazi ya ofisi ikaenda mbele badala ya kurudi nyuma. Dana wa Seme alihudumiwa kwa sababu kulikuwa na mwanafunzi.

Kitu kimoja kingine hata hakihitaji ruhusa ya mtu. Mlangoni kwa karibu kila ofisi ya umma kuna ule ubao wa mkataba wa huduma, umeandikwa huduma, mahitaji, gharama na muda. Bure, siku tatu, siku saba. Watu hupita hapo hawausomi, hata wenye ofisi hawausomi. Siku hizi nawaambia wanafunzi wangu, siku ya kwanza kabla hujaonyeshwa kiti, nakili huo ubao wote kwa logbuku. Alafu kila wiki chagua huduma moja, hesabu inachukua siku ngapi kweli, na kama imechelewa tafuta imekwama meza gani na kwa nini. Usimshtaki mtu. Wewe andika tu, kwa heshima, na mwisho umwonyeshe msimamizi wako. Mmoja alifanya hivyo huko Kakamega akagundua barua zote zinakaa siku nne mahali pamoja kwa sababu mwenye kuweka sahihi anakuja Jumatatu na Ijumaa pekee, na alipoonyesha, wakampa mtu mwingine ruhusa ya kuweka sahihi siku za katikati. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Na ile mia moja ya droo, hio pia nimeiingiza darasani. Kila darasa kabla ya kwenda atachimenti tunapanga meza mbele, mmoja anakuwa karani, mmoja mzee wa koti, mmoja ni yule wa atachimenti, na karani anampa pesa ya chai mbele yetu sote. Mara ya kwanza karibu wote wanaganda. Wengine wanachukua bila kufikiria, mkono unaenda wenyewe. Tunarudia mpaka mtu anapata maneno yake, maneno yanayotoka kwa mdomo wake si yangu, kuna kijana alisema, "Asante mkubwa, lakini nimekuja kujifunza kazi, hio mrudishie mzee apate nauli," na darasa zima likapiga makofi. Sijui kama siku yenyewe ataweza. Lakini hio sentensi ameshaisema mara moja na kila mtu aliisikia.

Mei ijayo nina wanafunzi 14 wa kupeleka. Nimeshaanza kuzunguka na barua mwenyewe, sizipi wanafunzi tena, na kila ofisi naomba kitu kimoja, mtoto akabidhiwe faili moja ya mwananchi mmoja tangu ifunguliwe. Ofisi nane zimekubali mpaka sasa, mbili zimesema zitafikiria. Na kwa logbuku nimebandika karatasi ndani ya jalada, nimeiandika kwa mkono nikatoa kopi: ukiandika "nilipanga faili," niandikie pia ilikuwa ya nani, alikuwa anatafuta nini, ilikwama wapi, na siku aliyopata jibu.